Shamba Lililo Chini ya Maji

Kambi ya wavuvi, kando ya ziwa, Kodivaa
14 Novemba 1984

Kwako kaka Sori,

Nakusalimu wewe na wote wa ua wetu wa Tugure. Nyumba haijambo? Mitumbwi haijambo? Mgongo wako je, maana najua vumbi likianza kupeperuka huwa unakuuma? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu.

Niele, najua ni wewe unayemsomea baba yako mkubwa barua hii. Soma polepole, mwanangu, wala usiruke mahali.

Kaka, nimefika. Ziwa hili si la zamani. Serikali ilijenga ukuta kuuziba mto, maji yakapanda yakameza bonde zima, miti na mashamba na vijiji. Miti mikavu bado imesimama majini, ndege wanalala juu yake. Samaki wapo, tena wengi, kuliko mto wetu Joliba ulivyokuwa hata kabla ya ukame huu. Lakini wenyeji ni wakulima. Walihamishiwa mlimani, na kuingia majini hawataki. Sisi wavuvi tuliotoka Mali tumepewa kipande cha ukingo chenye udongo mwekundu usiootesha kitu.

Kazi kubwa ni kupata mahali pa kutega. Nikitupa wavu, mtu anatokea ukingoni anapiga kelele, "Wewe! Toka kwenye mihogo ya baba yangu!" Natazama chini, naona maji. Nasogea mbele, mwingine anakuja mbio, "Hapo ni kwa babu yangu, una ruhusa ya nani?" Jana watoto walinirushia mawe, na sokoni mama mmoja alisema nisikie, "Mmeukausha mto wenu, sasa mmekuja kuukausha wetu." Nilinunua chumvi nikaondoka.

Wavu wa baba ninao, na mafundo ya marehemu mke wangu Dikore yamo bado. Nayajua kwa kidole hata gizani, kwa sababu alikuwa akikata uzi kwa meno, ncha inabaki bapa kidogo. Nikitandaza wavu nayapapasa kabla ya kuutupa.

Kaka, nakuomba nitumie Niele. Barua hii anakuja nayo dereva Ambara, yule mtani wetu wa kabila la Wadogoni, ambaye kila mwezi anapakia samaki wa moshi hapa kuwapeleka Mopti. Ni mtu mwema, ingawa anasema sisi Wabozo tukifa hatuozi kwa sababu tumeshakaushwa. Anaweza kuja naye akirudi.

Wako katika damu,
Mdogo wako, Bamoye

*

Tugure, 20 Desemba 1984

Kwa Bamoye,

Barua imefika. Hatujambo, maana ndivyo inavyosemwa. Mgongo wangu ni wangu, usiuulizie.

Uliondoka hata arobaini ya mkeo haijafika. Watu walikuja kula uji wa arobaini wakamtafuta mfiwa, wakaniona mimi. Walipokupa mdogo wake Dikore umwoe ili mtoto apate mama, ulisema huwezi. Sawa. Kisha siku ya soko ukatoka na wavu wa baba begani kama mwizi wa mbuzi. Leo unaniandikia habari za mafundo.

Unamtaka mtoto. Aje akae wapi? Juu ya mihogo ya watu?

Umesahau kwenu. Mgeni alipokuja Tugure na kokwa zake za kola za kuombea ruhusa mkononi, baba alimpakia mtumbwini, akachovya kafi hapa, akachovya kafi pale, akamwambia, kati ya hapa na pale vua. Alifanya hivyo hata kwa watu asiowapenda. Mvuvi ambaye hajachovyewa kafi na mwenye maji ni mwizi, hata akianza na bismillahi. Huko uliko nani amekuchovyea? Siku ukiniambia fulani wa fulani amenichovyea kafi, nitakupa mtoto. Kabla ya hapo usiniombe.

Bwawa letu halikujaa mwaka huu. Nimechinja mbuzi mwekundu kama inavyotakiwa, lakini siku ya kuvua sikuitangaza. Wanawake walikuja na vikapu vyao wakarudi navyo. Usifurahi.

Kaka yako mkubwa, Sori

Baba, ni mimi Niele, baba mkubwa amekwenda kuswali ndipo naongeza hapa. Akimaliza kusema, barua anaipeleka kwa mwalimu amsomee aone kama nimetia langu, lakini mwalimu hatanisema. Mimi ni mzima. Usiku anaamka anakwenda kulitazama bwawa.

*

Kambi ya wavuvi, 9 Februari 1985

Kaka yangu Sori,

Baada ya salamu, naomba barua hii ikukute na nafuu. Hapa hatujambo, ila homa kidogo kambini.

Nimefanya ulivyosema. Nilinunua kola, nikavaa kanzu safi, nikapanda mlimani kwa mzee wao mkuu. Nikamwambia, "Baba, natafuta mwenye maji anionyeshe mahali pa kuvua."

Akacheka. "Mwenye maji? Mwenye maji ni serikali, waliyaleta wao. Mimi ni mwenye ardhi. Ardhi yangu unaikanyaga kila siku na gogo lako."

"Basi, baba, twende mtumbwini unichovyee kafi."

"Nipande gogo hilo? Maji yalikula nyumba yangu na ghala langu nikiyatazama. Leo nikayakalie juu? Chukua kola zako."

Kaka, hapa hakuna mtu wa kunichovyea. Hawana hata kafi moja kijiji kizima. Kwa hiyo nikatafuta kwa njia yetu. Nilisimamisha mtumbwi asubuhi kukiwa kumetulia, nikashusha kafi majini, nikaweka sikio kwenye mpini. Sehemu kubwa ya ziwa ni kimya. Lakini ng'ambo ya kilima kidogo, kwenye kina kifupi, kuna miti minne mikavu iliyopandwa mstari mmoja, na chini yake mawe mawe. Hapo nilisikia samaki wanagugumia kama watu wanaokula uji. Nikatega. Kaka, wavu ulikuwa mzito hadi nikacheka peke yangu. Perege wanono, na kambare wa urefu wa mkono.

Na hakuna aliyenipigia kelele. Mpaka leo nategea pale, watu wanapita ukingoni na kuni zao, wakifika usawa wa pale wanageuza uso na kwenda zao. Nadhani wamechoka, au pale hapakuwa shamba la mtu. Wanawake wao wananunua samaki wangu kuliko wa wenzangu wote.

Nina maji, kaka. Nimejenga na kibanda cha pili. Mpe Ambara mtoto.

Mdogo wako, Bamoye

*

Tugure, 11 Machi 1985

Bamoye,

Salamu umeshapewa Desemba, hazijaisha.

Chakula kizuri kimeachwa wazi katikati ya ua, hata mbwa wanapita hawakigusi, na wewe unanawa mikono! Hukujiuliza? Watu wanaogombania mihogo ya babu zao chini ya maji, wakuachie mahali panono kuliko pote, bure? Na wanageuza uso? Uliona lini mtu anageuza uso mbele ya shamba?

Baba alikufundisha kusikiliza samaki. Kusikiliza watu hukutaka kujifunza, hata hapa. Toa wavu wa baba pale leo hii, kesho usingoje.

Mtoto haji.

Kaka yako mkubwa, Sori

*

Kambi ya wavuvi, 27 Mei 1985

Kwako kaka,

Assalamu alaikum. Nakuomba kwanza uketi.

Barua yako ya Machi imenifikia juzi. Lori la Ambara lilivunjika ekseli njiani, likakaa kwa fundi muda mrefu. Ulichoandika ni kweli, lakini kilifika baada ya mambo.

Mwezi uliopita nilifika mahali pangu nikakuta wavu umekatwa vipande vipande na kutundikwa kwenye ile miti minne. Niliporudi ukingoni, vijana walikuwa wameshatoboa mtumbwi wa rafiki yangu wakidhani ni wangu. Wakanishika mikono, wakanipandisha mlimani. Kiongozi wao anaitwa Konan, ana panga na hasemi sana.

Uani kwa mzee walikuwa wamejaa. Mama mmoja mzee akatoka mbele. Jina lake Akisi, ni mama yake Konan. Mkononi ana samaki wa moshi, nikamtambua, ni wa kwangu.

Akaniuliza, "Huyu nilimnunua kwako. Mnono, eh?"

Nikasema, "Ndiyo, mama."

"Alinona kwa nini?"

Nikamtazama yule samaki.

"Nakuuliza wewe mla matope! Alinona kwa kula nini?"

Mzee ndiye aliyenieleza. Ile miti minne ilipandwa kwenye makaburi ya kijiji chao cha zamani, na yale mawe ndiyo makaburi yenyewe. Maji yalipokuja, malori yalibeba walio hai. Waliahidiwa kwamba wafu watafuatwa baadaye, na maji yakafika kwanza. Tangu hapo hakuna mtu wao anayetazama upande ule, wala kupataja. Ndiyo maana walikuwa wakigeuza uso. Walidhani kila mtu anajua. Na samaki waliowanunua kwangu, hawakujua nawatoa wapi mpaka Konan aliponifuata kwa macho siku moja.

Nikasema, "Sikujua, mama."

"Usiniite mama! Mume wangu yuko pale. Binti yangu yuko pale. Tumewala, unasikia? Umetulisha watu wetu na pilipili!" Akanirushia yule samaki kifuani.

Kaka, nilitaka kumwambia kwamba hata mimi nimezika mwaka jana. Sikumwambia. Mtu aliyefiwa hapendi kupimiwa kifo chake kwa cha mwingine. Nilisema tu, "Kama unataka kwenda kuwaona, nitakupeleka. Mtumbwi wangu haujatobolewa."

Watu wakapiga kelele kama nimetukana. Akisi akatema mate chini, akaingia ndani. Konan akasema nikipita tena ng'ambo ya kilima, atanikata mimi, maana wavu umeisha. Tangu siku hiyo hakuna anayenunua samaki wa Mbozo yeyote. Wenzangu kambini hawaniongeleshi.

Nimeokota vipande vya wavu. Vingine haviungiki. Fundo moja la Dikore nimelitoa zima, liko mfukoni.

Nisamehe wavu wa baba.

Mdogo wako, Bamoye

*

Tugure, 22 Juni 1985

Bamoye,

Wavu wa baba ulivua maji haya miaka arobaini haukuchanwa hata na kiboko. Wewe umeumaliza ndani ya msimu mmoja, juu ya makaburi. Sina la kuongeza hapo, kwa sababu anayeandika ni mtoto na maneno niliyo nayo si ya kumwandikisha mtoto.

Sikiliza hili. Mdogo wake Dikore, uliyemkataa, ameolewa Mopti, mume ana duka. Mungu hajampa mtoto. Amekuja hapa amevaa vizuri, amekaa kwa adabu, ameniomba Niele awe mwanawe kabisa, alale kwake, aitwe wa kwake. Nimesema ndiyo. Atamchukua mpunga ukishavunwa, kama utakuwapo wa kuvuna. Na akishamchukua, usimwandikie mtoto wa watu barua.

Ulikuwa na muda.

Kaka yako mkubwa, Sori

Baba, mimi niliandika kila kitu alichosema. Alipofika pale kwenye ndiyo, nilimuuliza niandike kweli, akasema andika. Mama mdogo ni mwema kwangu. Lakini mimi nakutaka wewe.

*

Kambi ya wavuvi, 30 Agosti 1985

Kwako kaka Sori, na kwa Niele anayesoma,

Nakusalimu, na mgongo wako nausalimu hata kama hutaki.

Tangu wavu ulipokatwa sikuvua. Nilikata kuni za kukaushia samaki wa wenzangu, wakanilipa kichwa cha kambare na kimya. Wengine walinishauri niondoke. Ningeondoka, lakini barua zako zinakuja hapa.

Wiki iliyopita, asubuhi, nilikuwa napaka lami chini ya mtumbwi. Nikaona miguu ya mtu mzee imesimama mbele yangu. Akisi. Nyuma yake Konan na panga lake.

Akasema, "Gogo lako linavuja?"

"Halivuji, mama."

"Nimekwambia usiniite mama. Nipeleke."

Konan akasema, "Akizama, utamfuata."

Akisi akamgeukia. "Nyamaza wewe uliyeogopa kupanda! Nilikuomba tangu jana usiku unisindikize, ukasema tumbo." Nikainamisha uso nisionekane nikicheka.

Nikamwambia akae katikati. Alikaa kanipa mgongo, ameshika kingo zote mbili, na chupa ya pombe ameibana mapajani. Njia nzima alinitukana. "Polepole! Unanikimbiza kwa mume wangu?" Nikipunguza, "Au unalala? Nyie watu mnajua kitu gani?" Maji yakirukia nguo yake anasema nimefanya makusudi. Lakini tulipopita kilima na ile miti minne ikaonekana, alinyamaza. Nikaacha kupiga kafi, mtumbwi ukaenda wenyewe.

Akasema, "Mti wa kwanza ni wa ukoo wetu. Niliumwagilia nikiwa msichana." Halafu akasema, "Ulikuwa mfupi."

Akamimina pombe majini. Mimi nilitazama pembeni, kama inavyonipasa. Aliongea nao kwa muda mrefu. Lugha yao ya nyumbani, si ile ya sokoni tunayosemea nao, sasa naielewa kidogo, na nilisikia akitaja kabila letu, wala si kwa sifa. Mwisho akalia bila sauti, mabega tu. Nilikumbuka Dikore alivyokuwa akilia vilevile, akinipa mgongo, anajifanya anachambua mchele. Nilishika fundo lake mfukoni nikangoja.

Alipomaliza akageuka, mara ya kwanza ananitazama usoni. "Hiyo inapigwaje?" Akaninyang'anya kafi. Alilishika kichwa chini, mpini ndio unaingia majini, sikumrekebisha.

Akalichovya. "Kutoka hapa mpaka mti wa mwisho, ukigusa hata jani linaloelea, Konan akukate na mimi nitashika taa."

Nikasogeza mtumbwi kwa mikono kufuata anakoonyesha. Akalichovya tena. "Kutoka mti wa mwisho mpaka jiwe lile, hili lilikuwa shamba langu la viazi vikuu. Mume wangu ndiye aliyefyeka pori. Kiazi kimoja kama paja la mtu. Sasa kuna nini humo, samaki?"

"Ndiyo, wapo."

"Basi vuna samaki. Wa kwanza kila siku ni wangu, uje umtupe mlangoni. Na usinisalimie."

Kaka, hakujua amefanya nini. Kwao hakuna desturi hiyo. Nami sikumwambia. Nilipokea kafi lile kwa mikono miwili, akauliza kama nimepata wazimu.

Tangu siku hiyo nategea kwenye shamba lake, kwa wavu mdogo wa kuazima. Kila asubuhi natupa samaki mlangoni, simsalimii. Juzi alitoka akapiga kelele nyuma yangu, "Jana alikuwa mdogo!" Wanawake wengine walisikia, na wawili walikuja kambini kununua, wakinisemasema.

Uliuliza fulani wa fulani. Ni Akisi, mjane, mama yake Konan. Amenichovyea kafi, hapa na pale.

Sina maneno mengine. Mpunga usivunwe bado.

Mdogo wako, Bamoye

*

Tugure, 19 Oktoba 1985

Bamoye,

Mwanamke! Mkulima! Ameshika kafi kichwa chini! Baba angesikia angecheka hadi azikwe mara ya pili. Nimesomewa mahali hapo mara tatu, na mara zote tatu nimekasirika.

Lakini amechovya. Nimetafuta njia ya kusema hakuchovya, sikuipata. Desturi yetu inataja mwenye mahali, haisemi awe mwanamume, wala haisemi akupende.

Mvua zimekuja mwaka huu. Bwawa limejaa mpaka kwenye kichuguu. Siku ya kuvua nimeitangaza, na wanawake wameshachukua vikapu. Tutavua bila wewe.

Yule wa Mopti amelia uani kwangu, amenitukana mimi na ukoo wetu mpaka kwa mizizi. Nimenyamaza, kwa sababu nilimpa ahadi. Kwa hiyo sasa nina adui Mopti, na ni kwa ajili yako. Usinishukuru.

Utaona mwandiko huu si ule unaoujua. Anayeandika ni mwalimu, ambaye anaandika polepole na anataka nimpe samaki. Mwandishi wangu hayupo. Barua hii anakuja nayo mwenyewe, kwenye lori la Ambara, mbele, si nyuma na magunia. Nimemwambia yule Mdogoni akimfundisha mtoto matusi ya kwao, utani utaisha.

Hali dagaa, usimlazimishe. Akilala anatoa miguu nje ya shuka, mfunike. Ana mzigo wa nyuzi, nimemnunulia mimi. Ameanza kufunga wavu mpya tangu barua yako ilipofika, bado hajafika nusu. Fundo analifunga kama mama yake na uzi anakata kwa meno. Nimemkataza, hasikii.

Usiniandikie tena. Sasa nani atanisomea?

Kaka yako mkubwa, Sori